Somo la robo hii: Madoa ya marumaru bafuni, na maji yanayoyaleta



Katika matoleo yaliyopita tulijifunza utunzaji wa visima, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, na uhifadhi wa mpunga. Safari hii tunaingia bafuni. Mwanakamati mmoja alituuliza kwa utani kama tumeishiwa masomo. Hatujaishiwa. Tulikaribia kupoteza fedha za wafadhili na afya ya mtu kwa sababu ya madoa ya ukutani, na kosa kubwa lilikuwa la ofisi yetu.

Barua kutoka Kagongwa

Wengi mnaifahamu Kagongwa, mji wa mpunga na mashine za kukoboa ulio kando ya barabara kuu, kabla ya kufika Kahama mjini kwa anayetokea Isaka. Hapo tunasimamia nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita na mabafu manne. Mapato yake husaidia ada za watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Wageni wake ni wafanyabiashara wa mchele, madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, na ndugu wanaokuja kutazama jamaa zao walioko migodini. Mwaka 2017 mabafu yaliwekwa marumaru nyeupe kwa msaada wa marafiki zetu wa ng'ambo, na tulifurahi sana kuwatumia picha.

Kufikia mwanzoni mwa 2022 weupe ule ulikuwa umekwisha. Chini ya bomba la mvua kulikuwa na mchirizi wa rangi ya kutu kutoka usawa wa kichwa hadi sakafuni. Sakafu yenyewe ilikuwa na utando wa kijivu, na pembeni mistari ya saruji nyeupe ilikuwa imegeuka kuwa myeusi. Mgeni mmoja alilipa chumba, akafungua mlango wa bafu, akaomba arudishiwe fedha zake. Kamati ikatuandikia barua ikiambatanisha makisio ya shilingi 2,400,000, kwa ajili ya kung'oa marumaru zote na kuweka mpya za rangi ya kahawia, "ili uchafu usionekane".

Tunakiri kwamba tuliisoma barua ile, tukaona hoja zake ni za msingi, tukaanza kuandaa maombi kwa wafadhili. Hakuna aliyeuliza madoa yametoka wapi.

Wiki ileile mama mhudumu wa usafi, kwa nia njema ya kutuokolea gharama, alinunua dawa kali ya kusafishia vyoo, ile yenye asidi ya hidrokloriki, akaimwaga ukutani. Madoa hayakutoka yote. Akaongeza Jik juu yake, mlango ukiwa umefungwa ili harufu isiwasumbue wageni. Alitoka amejishika kifua, macho yanatiririka machozi, hawezi kusema. Alilazwa siku mbili. Mzee wa usharika aliyempeleka hospitali alitupigia simu jioni akasema, "Ndugu mratibu, mlituletea fedha za marumaru, lakini hamkutuletea hata karatasi moja ya kutuambia zinaoshwaje." Hatukuwa na jibu. Karatasi hiyo ndiyo hii, imechelewa miaka kadhaa.

Kilichomwangusha mama yetu

Dawa ya kung'arishia nguo, kama Jik, ina hipokloriti ya sodiamu. Ikikutana na asidi yoyote hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hukaa chini, mahali hasa alipo mtu aliyeinama kusugua sakafu. Ni hewa ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kutoka kwenye mitungi karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, kuwaua askari waliokuwa katika mahandaki. Bafu lenye dirisha dogo lililofungwa halina tofauti kubwa na handaki.

Hatari hii haiko kwenye asidi ya vyoo peke yake. Siki, ndimu na limao navyo ni asidi. Pia Jik haipatani na dawa zenye amonia, wala na mkojo uliokaa. Kwa hiyo tumeweka kanuni moja katika nyumba zetu zote: siku moja, dawa moja. Ukitumia dawa ya aina moja leo, suuza kwa maji mengi, na ya aina nyingine isubiri siku nyingine. Ikitokea mtu amevuta hewa hiyo, atoke nje mara moja kwenye hewa safi, asirudi ndani kuchukua ndoo, na akiendelea kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Fundi alifungua koki, nasi tukanyamaza

Tulikwenda Kagongwa na fundi bomba siku chache baadaye. Hakuanza na bafu, alianza nje. Alichukua chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga. Moja akaijaza maji ya kisima yanayotoka moja kwa moja kwenye pampu, nyingine akaijaza maji ya bomba la uani. Zote mbili zilikuwa safi kabisa, na mzee mmoja akasema, "Unaona? Maji yetu hayana tatizo." Fundi akaziweka dirishani, tukalala.

Asubuhi chupa ya bomba ilikuwa vilevile. Chupa ya kisima ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na chini yake umetuama unga mwekundu. Huo ni chuma. Ndani ya ardhi, pasipo na hewa, chuma huyeyuka ndani ya maji na hakionekani kwa macho. Maji yakipanda juu na kukutana na hewa, chuma kile hugeuka kuwa kutu na kujitenga. Kama hakuna chupa, hujitenga ukutani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye chuma zaidi ya miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa nguo na vyombo vya bafuni. Hicho ni kiasi kidogo sana, lakini bafu la mvua humwaga maji mahali palepale kila siku, mwaka mzima.

Swali lililobaki lilikuwa hili: kwa nini bafu lilikuwa bado linapata maji ya kisima? Mradi wa maji ya Ziwa Victoria wa Isaka na Kagongwa ulizinduliwa mwaka 2021. Maji hayo huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa, kisha husafiri kwa bomba kuu mpaka Shinyanga na Kahama. Sisi tulijiunganisha, tukalipa, tukapiga picha. Fundi alifuatisha mabomba kwa mkono akatuonyesha. Maji ya ziwa yalikuwa yameunganishwa jikoni na uani tu. Tangi la juu linalolisha mabafu, simtanki la lita 2,000, lilikuwa bado linajazwa na pampu ya kisima kama zamani, kwa sababu hakuna aliyemwambia mtu yeyote abadilishe. Fundi aliyajua hayo kwa dakika kumi. Kama tungeweka marumaru mpya, za kahawia au za rangi yoyote, maji yaleyale yangeendelea kuzimwagikia.

Kusoma doa

Tulichojifunza kwa fundi na kwa kusoma vitabu baadaye ni kwamba rangi na mahali pa doa hueleza chanzo chake, na kila chanzo kina dawa yake. Dawa ya doa moja yaweza kuwa adui wa doa jingine.

Rangi ya kutu, yaani nyekundu au kahawia, ni chuma. Likiwa kama mchirizi chini ya koki moja tu, angalia koki hiyo au bomba la zamani la chuma. Huenda mpira wa koki umekwisha na maji yanadondoka usiku kucha. Likiwa kila mahali maji yanapofika, chanzo ni kisima au tangi. Hapa tusisitize jambo ambalo wengi hukosea: Jik haiondoi kutu. Klorini hukigeuza haraka chuma kilichomo ndani ya maji kuwa kutu na kukigandisha. Ukimwaga Jik kwenye doa la kutu unalikaza.

Rangi nyeusi inayofanana na masizi mahali maji yanapopita yaweza kuwa manganizi, ndugu yake chuma, ambayo mara nyingi hupatikana naye kwenye kisima kimoja. Lakini weusi ulio kwenye pembe na kwenye mistari ya saruji tu, hasa bafu lisilo na hewa, ni kuvu.

Utando mweupe na mgumu kama chokaa, unaokwaruza ukiupitishia ukucha, ni chokaa kweli. Huachwa na maji ya chumvichumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu. Utando wa kijivu unaoteleza ni sabuni iliyogandana na chokaa hiyo pamoja na mafuta ya mwili. Nyumba inayotumia sabuni ya mche kwa maji ya kisima lazima iupate.

Na kuna weusi unaoonekana kama uko ndani ya marumaru, chini ya ule ukaushi wa kung'aa. Huo hautoki kwa kusugua. Maji yamepenya kwa nyuma, au kwenye ufa mwembamba, yakalowanisha udongo uliochomwa ulio chini. Tafuta pale maji yanapoingilia, paache pakauke, na kama hapakauki marumaru hiyo moja ibadilishwe.

Namna tulivyoosha

Kwanza tulikausha bafu siku mbili bila mgeni. Kisha tulianza na utando wa sabuni, maana usipoutoa, dawa ya kutu haifiki kwenye kutu. Tulitumia magadi ya kawaida ya kupikia maharage, kijiko kikubwa kimoja kwenye lita moja ya maji ya moto, brashi ya plastiki na subira. Tukasuuza vizuri.

Siku ya pili tulishughulikia kutu. Tulinunua unga wa ndimu, ule wanaotumia wapishi, tukachanganya vijiko vikubwa vitatu kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Kabla ya kupaka, tuliilowesha ile mistari ya saruji kwa maji matupu mpaka ikashiba. Saruji iliyoshiba maji hainywi asidi nyingi, na saruji na asidi ni maadui hata kama asidi yenyewe ni ya limao. Kisha tulilowesha vitambaa vya zamani kwenye unga wa ndimu ulioyeyushwa tukavibandika juu ya doa kama mtu anavyobandikwa kitambaa cha homa. Vikikaa nusu saa, kutu hulainika na kufutika. Mahali pakaidi tulirudia mara tatu. Siki nayo hufaa, hasa kwa chokaa, ila kwa kutu tuliona unga wa ndimu una nguvu zaidi na bei yake ni nafuu. Mwisho tulipitisha tena maji ya magadi ili asidi iliyobaki kwenye mistari ife, tukasuuza.

Vifaa ni glavu za mpira, viatu, dirisha na mlango wazi, na miwani kama ipo. Ni kidogo, lakini mama yetu hakupewa hata kimoja.

Kuvu tulikiachia wiki iliyofuata, bafu likiwa limesuuzwa na kukauka. Hapo ndipo Jik ilipopata kazi yake halali: sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, ikapakwa kwenye mistari, ikaachwa dakika kumi na tano, ikasuuzwa. Lakini kuvu hurudi bafu lisipokauka. Tulitoboa tundu la hewa juu ya kila mlango, tukanunua fimbo yenye mpira wa kufutia maji, na kila mgeni anapotoka mhudumu hufuta ukuta kutoka juu kwenda chini. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

Tuseme neno juu ya kusugua. Kagongwa ina pumba za mpunga kila kona, na akina mama wengi hutumia majivu yake kung'arisha masufuria. Majivu hayo yana silika kwa wingi, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Sufuria huvumilia. Ung'aavu wa marumaru huchanika michaniko midogo isiyoonekana, na ndani ya michaniko hiyo kutu hupata makao. Kwa hiyo bafu lililosuguliwa kwa majivu leo huchafuka upesi zaidi kesho. Waya wa kusugulia masufuria ni mbaya vilevile, kwani vipande vyake vidogo hubaki kwenye mistari na kuota kutu yao wenyewe.

Mabafu matatu yalirudi kuwa meupe, ingawa mtu akiangalia kwa karibu ataona kivuli. La nne, lile lililomwagiwa asidi kali, marumaru zake zilitakata lakini saruji ya kati ilikuwa imeliwa. Maji yalikuwa yamepita nyuma, na marumaru kumi na moja zililia kama ngoma tulipozigonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta ule tulilazimika kuurudia. Gharama zote, pamoja na kubadilisha bomba la kwenda kwenye simtanki, kununua vifaa na kurudia ukuta mmoja, zilikuwa shilingi 412,000. Wafadhili waliokuwa waombwe karibu milioni mbili na nusu waliarifiwa yote, hata yale ya kutuaibisha.

Kama hakuna maji mengine ila ya kisima

Tunajua sharika nyingi hazina bomba la ziwa. Chuma kinaweza kutolewa kwenye maji kwa njia rahisi, kwa kuwa kinaogopa hewa. Toboa matundu madogo kwenye bomba linaloingiza maji kwenye tangi la kwanza ili yaanguke kama mvua, si kama mkondo. Yaache yatulie usiku mmoja. Kisha yapitishe kwenye pipa lenye mchanga safi uliooshwa, na kokoto chini yake, ndipo yaende kwenye tangi la matumizi. Mchanga utageuka mwekundu; huo ndio ushahidi kwamba unafanya kazi. Uoshwe au ubadilishwe unapoanza kuziba. Toleo la maji kwenye tangi liwe juu kidogo ya sakafu yake ili unga uliotuama usivutwe, na tangi lioshwe angalau kila miezi mitatu. Pia msiyadharau maji ya mvua. Hayana chokaa wala chuma, na ndoo moja ya kusuuzia mwisho huacha ukuta mkavu bila alama.

Ambalo marumaru hazisemi

Hapa ndipo tunapotaka kamati zisimame kidogo. Baada ya mabafu kutakata, mjumbe mmoja alipendekeza kwamba sharika zipime maji yao kwa kutazama marumaru: zikiwa nyeupe, maji ni salama. Sivyo kabisa.

Chuma hukera macho, lakini kwa viwango vya kawaida hakidhuru afya. Vinavyodhuru havitii doa. Floraidi, ambayo inajulikana kuwa nyingi katika visima vya sehemu mbalimbali za Shinyanga, haigusi marumaru. Hugusa meno ya watoto, na ikizidi sana hugusa mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi; maji yanavyopungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Arseniki imepatikana na watafiti katika baadhi ya maji ya ukanda wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, nayo haina rangi, harufu wala ladha. Kiwango chake ni miligramu 0.01 kwa lita. Vijidudu vya kuhara navyo havionekani. Mtoto mwenye meno ya kahawia anaweza kuwa anaoga kwenye bafu jeupe pe.

Kwa hiyo kisima chochote cha usharika, cha shule au cha zahanati kinachonywewa kipelekewe sampuli katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, Shinyanga au Mwanza. Ulizeni kwanza chupa gani itumike na sampuli ifike ndani ya saa ngapi, hasa ya vijidudu. Ofisi yetu sasa haipokei ombi la ukarabati wa bafu, jiko au tangi bila majibu ya vipimo kuambatanishwa, na kwa sharika zisizo na uwezo, gharama ya kipimo tunaiingiza sisi katika bajeti.

Mnaponunua mpya

Marumaru sasa zinatengenezwa nchini, Mkuranga na Chalinze, na upatikanaji wake umekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini marumaru za ukutani si za sakafuni. Za ukutani huweza kunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Zile ngumu za sakafu, za aina ya poseleni, hazifikii hata asilimia 0.5. Dukani dondosheni tone la maji mgongoni mwa kipande. Likinywewa papo hapo, hiyo isiwekwe sakafuni mwa bafu. Na ile rangi ya kahawia ya kuficha uchafu, sisi hatuishauri. Marumaru nyeupe ndizo zilizotulazimisha kufungua koki.

Kwa majadiliano ya kamati

Kabla ya kikao kijacho, jazeni chupa kwa maji ya kila chanzo mnachotumia, ziacheni usiku kucha, mzilete mezani. Je, kuna anayejua kila bomba la usharika wenu linatoka wapi na kuishia wapi, na kama yupo, mchoro uko wapi siku akihama? Nani hununua dawa za usafi, na je, mhudumu anazozitumia anaweza kusoma maandishi yaliyo kwenye chupa, ambayo mara nyingi ni ya Kiingereza? Mama yetu wa Kagongwa amerudi kazini. Aliomba jambo moja tu, kwamba chupa ya asidi isiwekwe tena stoo, nasi tuliitoa siku hiyohiyo.